Mafuta Kwenye Breki ya Nyuma

Mwanangu, kaa tuzungumze. Nimechoka, sikufichi, lakini hili nitalirudia mpaka liingie: Vespa PX hiyo usiiteremshe tena kuelekea Concord Boulevard na mto Mississippi huku gurudumu la nyuma linavuja mafuta. Breki ya mbele ya PX kongwe ni dhaifu, unaijua mwenyewe. Unaitegemea ya nyuma, ya mguu, nayo ikilowa utakanyaga usipate kitu.

Unasema umenunua breki shuu mpya. Vyema. Kabla hujazifunga, niambie mafuta yametoka wapi. Tangu Piaggio walipotoa Vespa ya kwanza mwaka 1946, gurudumu la nyuma hukaa moja kwa moja kwenye shafti ya giaboksi, pasipo mnyororo. Kinachozuia oili ya gia isifike kwenye breki ni sili ya mpira. Unguja Vespa hazijui kulala, sili huisha kwa kazi. Hapa Inver Grove Heights yako imelala miezi yote ya barafu, na sili ikikaa kavu hugeuka ngumu ikaacha kubana.

Hata hivyo usikimbilie sili. Mwaga oili yote kwenye chupa yenye vipimo. Giaboksi ya PX huchukua mililita 250 tu za SAE 30. Ikitoka nyingi kuliko uliyotia, inuse. Ikinuka petroli, ujue sili ya krenki upande wa klachi imekufa: petroli inapenya, inajaza giaboksi, na ziada inajitafutia njia gurudumuni. Hapo utabadilisha sili ya gurudumu mpaka uzeeke, na breki zitalowa vilevile.

Kama kipimo ni sawa, kaza nati ya katikati, kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imekwisha. Shafti inayoyumba huua sili yoyote. Halafu vua dramu, upitishe ukucha shingoni mwake, pale sili inapogusa. Ukihisi mfereji, hata sili mpya itavuja. Vijana wengi hawapagusi hapo, na hunisikitisha, maana ukucha haugharimu hata senti.

Vumbi la ndani usilipulize, si kwa pampu wala kwa mdomo. Breki shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na mapafu hayana spea. Lifute kwa kitambaa kilicholowa. Breki shuu zilizokunywa mafuta zitupe. Ukizipiga msasa zitang'aa, lakini zikipata joto mafuta yatapanda tena juu. Ukirudisha dramu, pini ya kuzuia nati iwe mpya.

Mpaka umepata chanzo, pikipiki ibaki gereji. Ukiwa na safari ya Saint Paul nipigie simu, hata alfajiri, nitakuja na gari kukuchukua.