Tahakiki Zisizo na Chumvi

Ukizifungua tahakiki nyingi za diwani zetu, utaambiwa kwamba vina vimetimia, mizani haikupungua, lugha ni teule, na maudhui ni maonyo, elimu na mapenzi. Kisha mshairi hupongezwa na vijana wakahimizwa kumsoma. Huwezi kuyakanusha maneno hayo; ila ukilibadilisha jina la diwani, yatamfaa mshairi mwengine bila ya kuondoshwa hata nukta.

Ndiyo maana humrejea mara kwa mara Randall Jarrell, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 1965, mshairi na pia mfasiri wa Goethe. Kitabu chake cha makala, Poetry and the Age, kilitoka mwaka 1953. Mtu huyu akilipenda shairi hakuficha. Wasomaji walikwisha kumzowea Robert Frost kuwa ni mzee mpole wa mashambani. Jarrell akawashika mkono akawaonesha tungo walizozipita, zenye kiza na upweke wa kutisha, na Frost akawa mshairi mwengine machoni pao. Kwa Walt Whitman alifanya jambo jepesi zaidi: alinukuu, akanukuu tena, mfano wa muuza hariri anayekukunjulia jora baada ya jora, kwani aliona kuwa mistari yenyewe ndiyo hoja. Na kwa washairi dhaifu ulimi wake ulikuwa wembe. Zipo dhihaka zake ambazo, kwa maoni yangu, raha ya kuzitunga ilizidi haja yake.

Hapo ndipo penye swali zito. Sisi ni watu wa visiwani. Uliyemhakiki jana utakutana naye leo barazani, na kesho mtachukua jeneza pamoja. Adabu yatutaka tusitiriane. Lakini sitara ni ya aibu ya mtu nyumbani kwake. Diwani mtu kaitoa mwenyewe hadharani, tena kaitia bei. Na sifa zikigawiwa sawasawa kama tende za futari, aliyekesha miaka kumi juu ya beti zake hupata fungu lile lile la aliyeunga vina kwa usiku mmoja. Huyo wa kwanza kadhulumiwa, wala hana pa kushitaki.

Wala si kweli kwamba ukali ni jambo la kigeni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na malenga wa Lamu zama za Mazrui, na hawakubembelezana. Ugomvi wao ulikuwa wa siasa, hilo nalijua. Ninachokitamani ni ule usikivu wao. Anayejibu shairi kwa shairi hawezi kujibu asichokisikiliza.

Laiti mhakiki wetu mmoja angeuchukua ubeti mmoja tu, akatueleza kwa nini kina cha kati kilimsimamisha pumzi, au kwa nini kilimkera. Mshairi akikasirika, naye ana wino na karatasi. Na ajibu, kwa bahari ile ile.