Ardhi Ilipommeza Jirani, Nani Alichimba?

 

Kila msimu wa mvua, nyumba ikitumbukia korongoni pamoja na waliolala ndani, kuna neno linalosemwa kwenye matanga. Halisemwi kwa sauti. Mtu anamwinamia mwenzake, anamwuliza: «Lakini huyu alifanya nini, hata ardhi immeze?» Na mwenzake anatikisa kichwa kama aliyeelewa. Ijumaa hii tulishike neno hilo, tuligeuze, tuone ndani yake kuna nini.

Tunajua lilikotoka. Limetoka kwa Qaruni. Hakuna mtoto aliyepita chuoni asiyezijua habari zake katika Suratul Qasas: tajiri aliyejivunia mali mbele ya watu wa Musa, hata akadidimizwa ardhini yeye na nyumba yake. Katika miaka yangu ya kufundisha sijaona kisa wanafunzi wanachokipenda kuliko hicho. Wanakipenda kwa sababu Qaruni alikuwa na hazina, na wao hawana hata daftari.

Lakini angalia vizuri, ndugu yangu. Sababu ya kudidimizwa Qaruni tumeambiwa kwa wahyi. Sababu ya jirani yako, wewe umeambiwa na nani? Na kuna zaidi ya hapo. Katika hadithi sahihi, zilizomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume wetu (s.a.w.) aliwahesabu mashahidi, akamtaja aliyekufa kwa tauni, na aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, na aliyezama majini, na aliyeangukiwa na jengo. Basi Muislamu aliyekufa chini ya ukuta wake usiku wa mvua tunamtarajia daraja hiyo. Nawe, chai ya matanga ikiwa mkononi, unamweka safu moja na Qaruni! Huko ni kumsemea Mwenyezi Mungu bila elimu.

Na neno hilo lina ubaya wa pili, ambao kwangu ndio mkubwa zaidi. Tukishasema «Mungu amemwadhibu», hakuna tena anayeuliza nani alichimba. Na shimo, karibu kila mara, lina mchimbaji.

Kuna mashimo ambayo mchimbaji wake ni maji peke yake. Mvua inaposhuka inabeba hewa ya kaboni, na ikipita katika udongo inabeba nyingine, mpaka maji yale yanakuwa na ukali kidogo, kama maji yaliyoonjeshwa ndimu. Ukali huo ni mdogo kwako, lakini jiwe la chokaa haliwezi kuushinda. Linaliwa polepole, kwa maelfu ya miaka, mpaka chini kunakuwa na chumba kitupu. Huku juu nyasi zinaota, watu wanalima, mbuzi wanapita. Dari ya chumba inazidi kuwa nyembamba, na siku moja inaanguka. Kwa hiyo siku shimo linapoonekana siyo siku lilipoanza. Sisi wenyewe tuna nchi ya namna hiyo huko Mbanza-Ngungu, katika Kongo ya Kati, kwenye mapango ya chokaa ambamo wanaishi samaki wasio na macho.

Ukitaka kuona mkono wa mtu unavyoingia katika kazi hiyo, tazama Bahari ya Chumvi, mahali ambapo wengi wanapahusisha na watu wa Lut, amani iwe juu yake. Huko, tangu miaka ya 1980, mashimo maelfu yamefunguka kandokando ya maji. Mtu mwepesi wa ulimi atasema ni laana ya zamani imeamka. Lakini waliochunguza wameeleza sababu yake. Maji ya mto Jordan yanakatwa juu kwa ajili ya mashamba na miji, viwanda navyo vinayakausha maji ya bahari vipate madini, na bahari inashuka karibu mita 1 kila mwaka. Maji ya chumvi yakiondoka, maji matamu ya chini ya ardhi yanaingia mahali pake, yanakuta tabaka la chumvi lililofukiwa huko, yanaliyeyusha. Juu yake kuna barabara, mitende, na sehemu za kuogelea ambazo zimefungwa. Kama hata pale, mahali penye habari ya adhabu ya kweli, mashimo ya leo yana hesabu yake ya mifereji na viwanda, sisi wa kartiye zetu tunakimbilia laana kwa nini?

Sasa turudi kwetu. Mashimo mengi yanayokula miji yetu hayatoki katika chokaa. Ni makorongo, yale tunayoyaita erozioni, na yanachimbwa na maji yanayotembea juu. Mlima wenye majani na miti unakunywa mvua. Watu wanakuja, wanakata miti, wanafungua avenyu iliyonyooka kutoka juu mpaka chini, bila kanivo, au kanivo imejaa taka. Mvua inapiga mabati, inapiga ua uliopigwa jembe na kufagiliwa ukawa mgumu kama sahani, inaingia njiani. Njia inakuwa mto. Mahali maji yanapodondoka kwa kishindo yanakula mchanga, na kichwa cha korongo kinaanza kupanda mlima, kila mvua hatua kadhaa, kinazifuata nyumba.

Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya jambo hili katika Kongo yetu, na baadhi ya waliouandika ni watoto wa nchi hii. Kwa picha za satelaiti walihesabu makorongo 2,922 katika miji 26, urefu wake wote karibu kilometa 740. Kati ya mwaka 2004 na 2023 watu wapatao 118,600 walipoteza makao yao kwa sababu hiyo, na tangu 2020 ni kama 12,200 kila mwaka. Wanaoishi mahali ambapo korongo linaweza kufika walikuwa milioni 1.6 mwaka 2010. Mwaka 2023 walifika milioni 3.2. Na karibu makorongo yote yamefuata barabara. Nanyi mnakumbuka Kinshasa, usiku wa kuamkia tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022: zaidi ya watu 120 walikufa kwa mafuriko na milima iliyoporomoka, na barabara kuu ya kwenda Matadi ilikatika huko Mont-Ngafula. Watu wote hao, kila mmoja alikuwa Qaruni?

Fanya hesabu ya nyumba yako mwenyewe. Paa la mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Mvua moja kubwa ya milimita 50 inamwaga juu yake lita 4,000, yaani bidoni 200 za lita 20. Zidisha kwa nyumba mia za avenyu moja. Sasa simama chini ya mlima, kwa mjane aliyenunua kiwanja pale kwa sababu hakuweza kununua pengine, umtazame akizisubiri bidoni 20,000 kwa usiku mmoja.

Wanavyuoni wetu wa fiqhi walilijua jambo hili kwa sura nyingine. Waliuliza: mtu amechimba kisima katika njia ya watu, bila ruhusa na bila haki, akapita mpita njia usiku akatumbukia akafa. Deni ni la nani? Wakajibu: ni la mchimbaji, na diya inadaiwa kwa ajili ya kazi yake. Haimwokoi kusema «sikumsukuma», wala «sikumjua», wala «nilikuwa nimelala». Na wakichimba wengi, deni linagawanywa kati yao, halifutiki.

Utasema: mimi sikuchimba njiani, maji yangu yanatoka katika kiwanja changu mwenyewe. Hilo nalo waliliuliza. Mtu amewasha moto katika shamba lake siku ya upepo mkali, ukaruka ukateketeza shamba la jirani. Mtu amemwagilia shamba lake kupita kiasi, maji yakabomoa kwa mwenzake. Walitazama kama alivuka mpaka wa kawaida na kama alijua, na wakimkuta hivyo wakamdai. Basi wewe uliyeelekeza mfereji wa paa lako mdomoni mwa korongo, nawe unaliona kila asubuhi ukienda sokoni, utamweleza nini kadhi?

Najua jibu mlilo nalo: ni kazi ya Leta. Kweli, ni kazi yake. Kanivo, barabara, kupima mlima kabla ya kugawa viwanja, haya hayafanywi na mtu mmoja na jembe lake. Na kuna walio mbele ya wote katika deni hili: wanaouza viwanja ukingoni huku wanajua. Mtume (s.a.w.) sokoni aliingiza mkono katika rundo la nafaka akakuta unyevu chini, na juu limepangwa kavu, akamkemea mwenye mali. Anayefukia ufa kwa udongo asubuhi ili mnunuzi asiuone jioni, huyo ni mwenye nafaka yule yule, ila chini ya bidhaa yake watalala watoto. Lakini deni la Leta halikulipii la kwako. Kisima kile cha njiani kingebaki na deni hata kama mji ule haukuwa na liwali.

Kuna shimo la tatu, nalo nalisema kwa uzito. Kolwezi, katika kartiye ya Kasulo, mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya nyumba kuna madini ya kobalti. Watu wakachimba uani, wengine ndani ya chumba, mashimo yakateremka na kugawanyika huko chini mpaka kuta za juu zikapasuka. Sitamweka mchimbaji wa mkono mahali pamoja na muuza kiwanja. Huyu ana watoto wenye njaa, na anayenunua gunia lake kwa bei ndogo ndiye anayelala vizuri. Hata hivyo, njaa inamruhusu mtu kula cha lazima. Haimpi ruhusa ya kupitisha shimo lake chini ya kitanda cha jirani bila jirani kujua.

Kwa sisi wa milimani, mvua ziko karibu. Mwenye uwezo aweke mapipa chini ya paa, ageuze mfereji usielekee korongo, apande mianzi na majani yenye mizizi ya kushika udongo. Asichimbe shimo la kunyweshea maji karibu na ukingo, kwani udongo ukilowa pale unaanguka upesi. Taka zisitupwe humo kwa kudhani zinaziba, maji yanazibeba. Asiye na uwezo wa hayo yote anadaiwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wa mwisho ni huu: anayekaa juu na kuona njia imekuwa mto usiku, asigeukie upande wa pili wa kitanda. Ampigie simu anayekaa chini, au atume kijana akamgongee mlango, awatoe watoto. Hilo halihitaji franka nyingi, na kwa maoni yangu aliyeweza kulifanya akaliacha ana swali zito zaidi kuliko la mabati yake.

Wallahu a'lam.