Mlio wa Motokari ni wa Nani?

Mtu amenunua pikipiki kwa fedha yake. Ameondoa katika bomba la moshi kile chombo cha kupunguza mlio, naye apita saa saba ya usiku mbele ya nyumba za watu. Tukimwuliza sababu, atajibu: «Pikipiki ni yangu, na njia ni ya wote.» Maneno hayo mawili ni kweli. Lakini usingizi wa wale waliolala ni wa nani?

Swali hili si la jana. Mwaka 45 kabla ya Kristu, sheria ya Julius Caesar ilikataza magari mengi ya kukokotwa yasiingie Roma mchana, kwa kuwa njia zilijaa. Basi yakaingia usiku, magurudumu yakigonga mawe hata alfajiri. Zaidi ya miaka mia baadaye, mshairi Juvenalis alilalamika kwamba mjini humo matajiri tu ndio wanaolala. Kumbe! Dawa ya mchana ilikuwa ugonjwa wa usiku.

Tutazame sasa Marekani, nchi ya motokari. Mwaka 1972 bunge lao lilitoa sheria kubwa juu ya makelele, lakini mwaka 1982 ofisi iliyoisimamia ilinyimwa fedha, na mzigo ukabaki hasa kwa majimbo na miji. California yataka mlio wa bomba la motokari ya kawaida usipite desibeli 95. (Desibeli hazihesabiwi kama kilo: zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imezidi mara kumi.) Na jimbo la New York, mwaka 2021, lilipandisha faini ya juu kutoka dola 150 hadi 1,000.

Sisi twaziona sheria hizo kuwa za haki. Lori la unga haliwezi kupita kimya, nasi twala unga huo, twavumilia. Kijana anayetoboa bomba ili watu wageuke kumtazama, yeye anatudai nini?

Lakini kuna jambo linalotusumbua. Zamani California, aliyekamatwa kwa mlio aliweza kutengeneza gari lake na kusamehewa. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 alitozwa faini papo hapo. Basi mama mjane ambaye bomba lake limeliwa na kutu alihesabiwa sawa na kijana yule. Mmoja amekosa fedha, mwingine amekosa haya. Ni kweli, mtoto mchanga aliyeshtuka usingizini haulizi kama ni kutu au ni kiburi. Kwa hiyo mjane naye hana budi kutengeneza. Apewe siku, basi, wala fedha ya fundi isimezwe na faini.

Katika mji wa New York wameweka njiani vinasa sauti pamoja na kamera: mlio ukizidi kipimo, namba ya gari yapigwa picha, na mwenye gari apelekewa barua. Chombo hicho hakioni kutu. Atakayeisoma barua ya mjane na kusikia neno lake, huyo lazima awe mtu.