BUSTANI ILIYO JUU YA MWINUKO

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuiotesha mbegu katika giza la udongo. Sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Katika Suratul Baqara, Aya ya 264 na ya 265, Mwenyezi Mungu Amepiga mifano miwili. Mwenye kutoa mali kwa riya amefananishwa na jabali lenye udongo mchache juu yake; mvua kubwa ikilipiga, udongo huchukuliwa wote, likabaki tupu. Na mwenye kutoa kwa kutaka radhi za Mola wake amefananishwa na bustani iliyo juu ya mwinuko; ikipata mvua kubwa huzaa maradufu, na isipoipata, manyunyu huitosha.

Watu wa pwani wanaijua mifano hii kwa macho yao. Pahali pengi Mombasa na Unguja udongo wa uani ni haba, na chini yake ni mwamba wa matumbawe. Masika huuosha udongo ule, na kiangazi huukausha. Lakini mwenye nyumba akipanga mawe au magogo ya minazi iliyokufa, akajaza ndani yake udongo mwema uliochanganywa na samadi iliyooza barabara, kimo cha futi moja, huwa amejifanyia mwinuko wake mwenyewe. Maji yaliyozidi hushuka, na mizizi haiozi. Upana usizidi futi 4, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande pasipo kuukanyaga udongo. Juu yake hutandazwa majani makavu ili unyevu usipotee upesi, na maji ya kisima yenye chumvi nyingi huepukwa. Mchicha huchumwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na bamia kwa miezi miwili.

Basi ni jambo gani liwazuialo wanaume na kazi nyepesi kama hii? Wengi huzuiwa na kibri. Katika pwani hii, kwa zama nyingi, jembe lilishikwa na watu waliotiwa utumwani kwa dhuluma, na waliojiita waungwana wakakaa barazani. Sheria iliuondoa utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini fikira ile haikuondoka pamoja nao. Hata leo yuko mtu aonaye haya kuonekana na udongo mikononi, wala haoni haya jina lake kuandikwa katika daftari la madeni la mwenye duka kwa ajili ya mboga za watoto wake. Haya hiyo imewekwa pahali pasipo pake. Mtume S.A.W. alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni. Naye ameeleza ya kuwa Nabii Daud, pamoja na ufalme wake, alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Na Ansari waliompokea Madina walikuwa watu wa mitende na mashamba. Je, yuko muungwana kuwashinda hao?

Na thawabu ya kazi hii si ndogo. Katika Hadithi ya Anas bin Malik, waliyoipokea Bukhari na Muslim, imeelezwa ya kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, huandikiwa sadaka. Kwa madhehebu ya Imam Shafii mboga hazina zaka. Lakini asidhani mwenye tuta kuwa jirani hana haki. Abu Dharri aliusiwa na Mtume azidishe maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani. Basi mwenye mchicha uani ana udhuru gani?

Lakini ampe jirani yake kwa siri na kwa uso mkunjufu, wala asimsimange baadaye. Akimsimanga, tuta lake litabaki juu, na sadaka yake itakuwa imerejea jabalini.

Mwenyezi Mungu Awajaalie Waislamu riziki ya halali itokayo katika mikono yao, na Awaepushe na kibri na deni. Amin.