Alipiga Simu, Akaondoka

Jumatano jioni kijana mmoja wa bodaboda alikuja kwangu hapa Kaniha. Chai hakutaka, kiti hakutaka. Jumapili usiku, njia ya Lusahunga, alimkuta mtu kalala pembeni, pikipiki imembana mguu, taa ya nyuma bado inawaka. Hakusimama. Mwaka jana mwenzake alimwokota majeruhi akaishia kulala mahabusu siku mbili, akiulizwa kama si yeye aliyemgonga.

"Nilipiga simu, baba mchungaji. Kisha nikaondoka."

Nikakumbuka nyambizi ya Wajerumani, U-177. Tarehe 28 Novemba 1942, karibu na pwani ya Natal, iliizamisha Nova Scotia, meli ya Waingereza iliyotoka Massawa, Eritrea, ikielekea Durban. Nyambizi ilipoibuka, nahodha Robert Gysae akagundua kwamba wanaotapatapa majini wengi ni Waitalia, washirika wake wa vita, waliokuwa wakisafirishwa kama mateka. Akapandisha wawili tu. Akatuma habari kwa wakubwa wake, akaenda zake. Meli ya kivita ya Ureno ilikuja ikaokoa watu wasiofika 200. Waliokufa ni 858, na maiti zilitupwa na mawimbi hadi fukwe za Natal.

Gysae alikuwa na moyo wa jiwe? Septemba ya mwaka uleule, upande wa Atlantiki, nyambizi ya Wajerumani U-156 iliizamisha meli ya Laconia, nayo imejaa mateka wa Kiitalia. Nahodha Werner Hartenstein akaanza kuokoa watu, akatandaza bendera ya msalaba mwekundu. Ndege ya Marekani ikamshambulia hivyohivyo, waliookolewa wakiwa naye. Ndipo Admirali Dönitz, mkuu wa nyambizi za Wajerumani, akatoa amri: nyambizi zisiokoe mtu. Huruma ilipigwa bomu, woga ukaandikiwa waraka.

Sisi wahubiri tunamsema sana yule Mlawi wa njia ya Yeriko, aliyempita majeruhi bila kusimama. (Mimi mwenyewe nimemsema mwaka huu mara mbili.) Huenda naye alikuwa na mwenzake aliyewahi kulala mahabusu.

Kijana sikumgombeza, wala sikumtetea. Nilimuuliza tu kama alingoja hata kidogo, amulike barabara, malori ya Rusumo yasije yakamkanyaga yule mtu.

Akainama, anazungusha ufunguo kidoleni. Akasema alipofika kwenye mteremko aligeuza shingo. Taa ilikuwa imeshazimika.