Kitambulisho na Haki ya Kura: Ipi Haki na Ipi Dhulma?

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha uadilifu na akaharamisha dhulma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Pwani anayefanya biashara ya duka huko Kiptere, katika nchi ya majani ya chai ya Kericho, ametuletea suala ambalo tumeona lafaa kujibiwa mbele ya wote, kwa kuwa si lake peke yake. Asema kuwa mwanawe alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda kutaka kitambulisho pamoja na vijana wa jirani zao aliosoma nao darasa moja. Wale walipeleka vyeti vyao vya kuzaliwa, na vitambulisho vya wazazi wao, na barua ya chifu, yakesha. Yeye alikuwa nazo zote hizo tatu. Walakini lilipoonekana jina lake akaambiwa alete na karatasi za babu yake, kisha arudi Pwani akakae mbele ya kamati ya wazee imchunguze. Huyo babu amekwisha kufa zamani, na karatasi zake hazijulikani ziliko. Ulipofika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, wenziwe walipiga kura naye akakaa dukani. Basi ndugu yetu auliza: Je, sharti hili la kuonyesha kitambulisho ndipo mtu apige kura ni la haki, au ni hila ya kuwabagua watu? Na ikiwa ni dhulma, je, si bora tuzisusie hizo kura?

Jawabu yetu ni kuwa hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo la kwanza ni sharti lenyewe la kujulisha kuwa wewe ni nani. La pili ni njia anayopitishwa mtu mpaka akipate hicho cha kujulishia. La kwanza ni haki. Katika la pili ndimo dhulma inamojificha.

Kuandika na kushuhudia ni katika dini yetu

Asidhani Muislamu kuwa daftari na cheti ni mambo ya Wazungu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Humo Mwenyezi Mungu amemkataza mwandishi asikatae kuandika, na amekataza mwandishi na shahidi wasitiwe katika madhara. Na Imamu Bukhari amepokea kwa Hudhaifa, radhi za Allah ziwe juu yake, kuwa Mtume s.a.w. aliamrisha aandikiwe majina ya watu waliotamka Uislamu, wakaandikwa wanaume elfu moja na mia tano. Hilo lilikuwa daftari, na aliyeliamrisha ni mbora wa viumbe.

Na kura, ukiizingatia, ni ushahidi. Mtu ashuhudia kuwa fulani amfaa kuchukua amana ya watu. Basi mwenye kupiga kura mara mbili, au kupiga kwa jina la maiti, au kwa jina la jirani yake aliye safarini, ametoa ushahidi wa uongo, na ushahidi wa uongo Mtume s.a.w. ameuhesabu katika madhambi makubwa. Kwa hivyo kumtaka kila mtu ajulishe kuwa yeye ndiye mwenye jina lililomo daftarini ni kuilinda haki ya wote, na maskini ailindwaye zaidi, kwani tajiri aweza kununua kura za bandia na maskini hana ila yake moja.

Sharti moja, matokeo mbalimbali

Lakini sharti laweza kuwa jema kwa dhahiri yake, kisha likaleta madhara ambayo aliyeliweka hakuyakusudia. Seyyidna Umar bin Al-Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoweka daftari la kugawia watu haki zao katika Hazina ya Waislamu, aliweka sharti kuwa mtoto hapati fungu lake mpaka aachishwe kunyonya. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Usiku mmoja, alipokuwa akilinda msafara uliotua Madina, akasikia mtoto mchanga akilia asinyamaze. Alipomuuliza mamake, akaambiwa, naye mama hajui anena na nani, kuwa amwachisha ziwa kabla ya wakati wake ili Umar amwandikie fungu. Umar alisalisha alfajiri hali analia hata watu wasiweze kuitambua vyema kisomo yake, kisha akatangaza kuwa kila mtoto ataandikiwa tangu siku ya kuzaliwa kwake.

Tazameni, enyi ndugu. Hakusema kuwa sheria ni sheria. Hakumlaumu yule mama. Aliangalia sharti lake lamfanyia nini mnyonge, akalibadilisha asubuhi ile ile. Hicho ndicho kipimo chetu.

Yaliyopita katika nchi yetu

Tukichukua kipimo hicho tukayatazama yaliyopita, twaona kuwa masharti ya kura mara nyingi yamewekwa si kwa kumjua mtu bali kwa kumweka nje. Hapa kwetu Pwani, katika miaka ya 1920, serikali ya Kiingereza iliwapa Waarabu haki ya kumchagua mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, na watu wa Thenashara Taifa wakawekwa kando. Watu waliosali safu moja na kuoana wakatengwa kwa jina lililoandikwa karatasini, na fitina iliyotoka hapo wazee wetu waliionja. Na mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, mpiga kura alitakiwa ajulishe elimu yake, au mapato yake, au mali yake, au utumishi wake wa muda mrefu, na mwenye sifa nyingi akapewa kura mbili au tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatakiwa zaidi ya hayo wawe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Sharti hilo halikuuliza "wewe ni nani?" Liliuliza "wewe ni wetu?"

Wala msidhani hayo yalikwisha na Uingereza kuondoka. Huko Zanzibar, mwaka 2009, uandikishaji wa wapiga kura ulisimama Pemba kwa ghasia, kwa sababu mtu hakuandikwa ila awe na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na watu wakalalamika kuwa njia ya kitambulisho hicho hupitia mkononi mwa sheha, na sheha humpa amtakaye. Hata huko Marekani, mwaka 2016, mahakama ya rufaa iliitangua sheria ya jimbo la North Carolina iliyotaka vitambulisho, ilipobainika kuwa waliyoitunga walikuwa wamepeleleza kwanza ni vitambulisho vipi ambavyo watu weusi hawanavyo.

Na hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imenena vizuri. Kifungu cha 12 kimempa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati za kumtambulisha. Kifungu cha 83 kimesema kuwa mipango ya kuandikisha wapiga kura iwe ya kumrahisishia raia anayestahiki, wala isimnyime. Hayo ndiyo maneno ya sheria. Vitendo vilikuwa vingine. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliitwa kuchunguzwa, na waliopita wakapewa kadi nyingine ya rangi ya waridi, kana kwamba kitambulisho cha raia wenzao hakiwatoshi. Wanubi, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kuwa askari, watoto wao waliwekwa bila ya utaifa unaojulikana mpaka Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto ikatoa hukumu mwaka 2011 kuwa Kenya imewakosea. Wamakonde wa Kwale, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa, waliishi miaka mingi bila kitambulisho, hata mwezi wa Oktoba 2016 wakashika njia kwa miguu kuelekea Nairobi, ndipo wakatambuliwa. Na Wapemba wa Pwani yetu, wavuvi tunaokula samaki wao kila siku, hawakutambuliwa ila mwaka 2023.

Tarehe 5 Februari 2025 Rais alitia saini huko Wajir tangazo la kuondoa uchunguzi ule wa ziada kwa watu wa mipakani. Twalishukuru jambo hilo. Walakini haki iliyoletwa kwa tangazo yaweza kuondolewa kwa tangazo, wala haimfai mtu mpaka ifike katika meza ya karani.

Hukumu ya mambo haya katika elimu yetu

Watu wa serikali wana hoja yao, na uadilifu ni kuisikiliza. Wasema mipaka ni mirefu, na maadui wameingia nchini wakaua watu, na wageni wamenunua vitambulisho. Hayo ni kweli, na damu iliyomwagika Garissa mwaka 2015 hatuisahau. Lakini mafakihi wametufunza kanuni ya kuwa yakini haiondolewi kwa shaka. Mtoto aliyezaliwa nchini, na cheti chake kipo, na wazazi wake wana vitambulisho vya serikali hiyo hiyo, uraia wake ni yakini. Anayeutilia shaka ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, si mtoto. Na jina la Abdallah au la Fatuma si ushahidi.

Kisha wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamekubali kuwa nasaba huthibiti kwa kuenea habari yake baina ya watu. Jirani na jamaa wakijua kuwa huyu ni mwana wa fulani, yatosha. Ikiwa nasaba, ambayo kwayo watu hurithiana na kuharimikiana, yathibiti kwa neno la jirani, vipi kitambulisho kisithibiti ila kwa karatasi ya babu aliyeishi wakati ambapo karatasi zenyewe zilikuwa chache? Na barua ya chifu si kitu kingine ila ni huo ushahidi wa jirani. Kwa kijana wa Kiptere mwenye jina la kienyeji ilikubaliwa. Kwa mwenziwe wa dawati moja ilikataliwa. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Maida, aya ya 8, kuwa chuki yetu kwa watu isituvute kuacha uadilifu, na makatazo hayo ni kwa kila mwenye mamlaka, awe Muislamu au asiwe.

Tena uchunguzi wa namna hiyo hauleti usalama unaotajwa. Mwenye fedha hupita, na mwenye haki asiye na fedha hubaki nje. Mlango unaofunguka kwa rushwa haumzuii adui.

Sisi nasi tujihesabu

Tukiisha kusema hayo, hatuwi waadilifu tusipojitazama. Hizo kamati za uchunguzi hukaa ndani yake wazee wetu wenyewe, watu wa kilemba na kanzu. Miongoni mwao wako wacha Mungu. Lakini wako pia wanaomkana mtoto wa mtaani mwao ambaye walihudhuria akika yake, mpaka apewe kitu kidogo. Na wako wanaomshuhudia mgeni wasiyemjua kuwa ni mpwa wao, kwa shilingi chache. Wa kwanza ameficha ushahidi, na wa pili ameuzua, na wote wawili wameitia umma mzima katika tuhuma. Mzee kama huyo asilaumu serikali.

Na wako vijana wanaouza vitambulisho vyao siku za uchaguzi, au kuvikodisha, ili wasiende kumpigia kura fulani. Huyu ameuza ushahidi wake na sauti ya nyumba yake kwa thamani ya chakula cha siku mbili. Na wako wazazi wasioandikisha watoto wanaozaliwa nyumbani, na wanaosema kuwa msichana hana haja na kitambulisho kwa kuwa ataolewa. Bila ya kitambulisho hapati pasipoti. Bila ya pasipoti hendi kuhiji. Hata nguzo ya tano ya dini yake umeifungia mlango.

Je, tususie?

La. Mwenye kukuzuia usipige kura, nawe ukasusia, umemtimizia alilolitaka. Yapasa kufanya haya. Kila mtoto aandikishwe mara azaliwapo, na cheti chake kiwekwe mahali pa usalama. Kila msikiti uwe na watu wawili watatu wanaojua kusoma na kuandika, wawasindikize vijana mpaka ofisini, wawe mashahidi wao bila malipo. Anayekataliwa atake jawabu kwa maandishi, na jina la aliyekataa, na kifungu cha sheria alichokatalia. Kisha apeleke mashtaka yake kwa Tume ya Haki za Binadamu, au mahakamani. Wamakonde walikwenda kwa miguu wakapata. Sisi tuna mawakili, na wajumbe, na magari, na bado twanong'onezana barazani.

Ama ndugu yetu wa Kiptere, mwambie mwanao arudi ofisini na zile karatasi zake tatu, aende nawe, na jirani zako wa Kikipsigis waende naye wamshuhudie, kwani ndio waliomwona akikua. Jirani mwema hushuhudia haki ingawa dini ni mbalimbali, nawe kesho umshuhudie mwanawe. Na uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 usimkute dukani.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wasemao haki ingawa ni juu ya nafsi zetu, awaongoze wenye mamlaka warudishe amana kwa wenyewe, na atukinge na ushahidi wa uongo na kuficha ushahidi wa kweli. Wabillahi tawfiq.