Bunduki ya Bwana

Ukimpa mtumwa bunduki, bado ni mtumwa? Swali hili liliwanyima usingizi mabwana wa Kusini mwa Marekani. Januari 1864 Jenerali Patrick Cleburne alipendekeza watumwa waingizwe jeshini na waahidiwe uhuru, maana Kusini ilikuwa inaishiwa na wapiganaji. Wakubwa wake wakalizima wazo hilo. Mwaka mmoja baadaye Howell Cobb, mwanasiasa wa Georgia, akasema kwamba watumwa wakiwa askari wazuri, basi nadharia yote ya utumwa ni batili. Yaani jamaa alijua! Sheria ikapita Machi 1865, na yenyewe haikumwacha huru hata mtu mmoja. Aprili Lee akasalimu amri.

Huku Pwani mabwana hawakusubiri bunge. Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gasi, alipopigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, miongoni mwa wapiganaji wake walikuwemo watumwa. Kule Unguja, Agosti 27, 1896, watumwa walikuwemo pia kwenye kasri la Khalid bin Barghash mizinga ya Waingereza ilipoanza kunguruma. Vita ile haikumaliza saa moja. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi Aprili 1897.

Kumbe utumwa na bunduki vinaweza kulala nyumba moja, mradi bwana ndiye anayechagua adui. (Na msinianzishe habari za vijana wanaopewa mia tano na fulana wakati wa kampeni, kisha wakaonyeshwa wa kumpiga.)

Wanaonisumbua zaidi ni watoro. Kwa Mbaruk walikuwepo pia watu waliowakimbia mabwana wengine. Mtoro alishakataa utumwa kwa miguu yake, halafu akaenda kumpigania mtu mwenye watumwa. Ni rahisi kumcheka ukiwa umekaa kwenye matatu na simu mkononi. Lakini mtoro wa peke yake msituni alikuwa windo la kila mtu, na mwenye ngome alimpa mgongo wa kuegemea. Mimi simwiti msaliti. Alichagua, japo machaguo yake yote yalikuwa mabaya, na hicho yule askari wa Cleburne asingepewa. Yeye angeuziwa uhuru wake kwa damu, kana kwamba ulikuwa mali ya muuzaji.

Hapa jirani na Mishomoroni kuna Kengeleni. Jina limetokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Inasemekana ililia kuwaonya watu kwamba wakamata watumwa wanakuja. Anayekimbilia kengele ile hahitaji kuahidiwa chochote: nyumba inayolindwa ni yake.

Utumwa ulifutwa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907. Fidia wakalipwa mabwana. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki, na mashamba mengi yakaandikwa kwa majina yaleyale. Neno skwota huku Kisauni hatukulisoma kitabuni.